Nyasi za kijani sio ushahidi, mgodi wa makaa ya mawe uliofukiwa upimwe kwa maji yake

Mtu akikuonyesha picha ya mlima uliochimbwa makaa ya mawe, ukafukiwa, ukapandwa nyasi na ng'ombe wanakula pembeni, unaweza kabisa kupiga makofi ukasema hawa jamaa wamerudisha walichochukua. Mimi nimejifunza kutoiamini ile picha. Sina kinyongo na kampuni za madini, ila picha inapigwa siku ya jua na mlima uliofukiwa unajulikana siku ya mvua, tena sio mvua ya kwanza, ni ile ya mwaka wa 3 au wa 4 inayokuja usiku na kumwaga saa nzima bila kupumua. Asubuhi yake ndo nenda kaangalie. Angalia kijito cha chini kina rangi gani, angalia mteremko una michirizi mingapi, chomeka mkono kwenye mchirizi mmoja uone unaishia kwenye kiganja au unaishia kwenye kiwiko.

Tuanze na hesabu ndogo, maana bila hesabu hii habari inaonekana kama malalamiko ya watu wa mazingira tu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye hekta 1 inakupa lita 10,000, yani boza moja la maji. Chukua mgodi wa hekta 100 na mvua ya milimita 50, hayo ni maboza 5,000 ndani ya siku moja. Tuseme ardhi ni msitu na asilimia 10 tu ndo inakimbia juu juu, kijito kinapokea maboza 500, mengine yanazama taratibu na kutokea kwenye chemchemi wiki zinazofuata. Sasa ardhi hiyo hiyo ishindiliwe mpaka iwe kama stendi ya malori, ikimbize asilimia 60, unapata maboza 3,000 yanashuka kwa pamoja kwenye kijito ambacho toka enzi kilizoea 500. Mvua ni ile ile na mlima kwa mbali unaonekana ni ule ule, kilichobadilika ni jinsi udongo ulivyolazwa.

Na udongo haulazwi vizuri kirahisi. Makaa ya mawe yaliyo karibu na uso wa ardhi yanachimbwa kwa kuondoa kila kitu kilichoko juu yake, miti, udongo wa juu, mwamba, vyote, mwamba unapigwa baruti unakuwa kifusi, na kifusi siku zote kinataka nafasi kubwa kuliko mwamba ulipokuwa mzima. Makaa yakishatoka kifusi kinarudishwa shimoni, kinachongwa mteremko, kinatandazwa udongo juu. Kinachokosekana ni vitu ambavyo hakuna tingatinga linaloweza kuvirudisha, mashimo ya minyoo, njia za mizizi iliyooza, majani makavu ya miaka na miaka. Hivyo vidogo vidogo ndo vilikuwa vinakunywa ile mvua.

Marekani wamepita njia hii muda mrefu kuliko wengi na mambo yao yako wazi kusomwa, ndo maana naenda kwao kwanza. Asubuhi ya tarehe 26 Februari 1972 huko Buffalo Creek, West Virginia, bwawa lililojengwa kwa mabaki ya makaa ya mawe lilipasuka baada ya mvua, watu 125 wakafa na zaidi ya 4,000 wakabaki hawana pa kulala. Kampuni ikasema ilikuwa kazi ya Mungu. Na Wales miaka 6 kabla ya hapo, tarehe 21 Oktoba 1966, rundo la taka za mgodi lililokuwa limemwagwa juu ya chemchemi liliporomokea shule ya kijiji cha Aberfan, wakafa watu 144 na kati yao 116 ni watoto. Ukiisoma historia ya makaa ya mawe utaona sura za vifo zinatofautiana lakini maji yapo karibu kila mahali, na karibu kila mara kuna mtu aliyekuwa ameshaonya.

Baada ya miaka ya kuvutana, Rais Jimmy Carter alisaini sheria ya migodi ya wazi tarehe 3 Agosti 1977. Sheria ikasema mlima urudishwe karibu na umbo lake la awali, udongo wa juu utunzwe, tope lizuiwe lisitoke nje ya mgodi, kwa kawaida kwa mabwawa ya kulituliza, na kampuni iweke dhamana ya fedha kabla hata haijachimba. Ni sheria nzuri na naitetea. Ila ilizaa tatizo ambalo waliliona wamechelewa. Watu walikuwa na hofu ya maporomoko, na walikuwa na haki ya kuogopa, kwa hiyo wakaguzi wakataka miteremko imara, laini, iliyonyooka, na madereva wa matingatinga wakawapa walichotaka. Tingatinga likapita mara ya 2, ya 3, ya 5, mpaka uso wa mlima ukawa kama sakafu iliyopigwa randa. Juu yake zikamwagwa mbegu za nyasi zinazoota haraka, mbolea, na ndani ya miezi mlima ukawa kijani. Mkaguzi akija anaona kijani, anaweka tiki.

Ukipiga jembe pale linarudi na mlio. Mizizi ya nyasi inatambaa sentimita chache za juu inakuta ukuta, mti ukipandwa unadumaa, na mvua ikija inapita chini ya yale majani ya kijani kama inapita juu ya bati. Kwa macho yangu hili ndo kosa mama la ukarabati wa migodi, kuushindilia udongo kwa hofu ya kuporomoka halafu kutegemea bwawa la chini limalize tatizo ulilolitengeneza juu.

Bwawa lenyewe tuliangalie vizuri maana ndo kila kampuni inakuonyesha ukienda kutembelea. Bwawa la tope ni ndoo chini ya paa linalovuja, ukiwa na paa bovu unahitaji ndoo kweli, hakuna anayebisha, lakini hakuna mwenye nyumba anayemaliza tatizo la paa kwa kununua ndoo kubwa zaidi. Kanuni ya Marekani inataka bwawa liweze kupokea au kusafisha mvua ya saa 24 ambayo kwa makadirio inatokea mara 1 katika miaka 10. Ikija kubwa kuliko hiyo, bwawa linafurika kihalali. Alafu bwawa linajaa tope na tope lisipozolewa nafasi ya maji inapungua kila msimu, kwa hiyo lile bwawa lililopigiwa hesabu kwenye karatasi na lile lililoko chini ya mlima baada ya miaka 4 ni mabwawa mawili tofauti.

Kisha kuna suala la chembe. Mchanga unazama kwa sekunde, tope laini kwa dakika au masaa, lakini chembe ya mfinyanzi yenye upana wa milimita 0.002 inashuka kama sentimita 1.3 kwa saa. Piga hesabu, mita 1 ya maji ni kama siku 3, na hapo maji yawe yametulia kabisa, hakuna upepo, hakuna mvua mpya inayoingia. Bwawa gani la mgodini linatulia siku 3 katikati ya masika? Wapo wanaotia shabu, hii hii ambayo watu wanasafishia maji ya mtungi, ama kemikali nyingine za kuzifanya chembe zigandane zizame, na inasaidia, lakini inataka mtu wa kusimamia kipimo kila siku ya mvua na mgodi ukishafungwa huyo mtu hayupo.

Nataka tukae kidogo kwenye kipimo kimoja maana watu wengi hawakijui na kimebeba mengi. Mgodi ukiwa unachimba, maji yanayotoka yanapimwa kwa kuchuja na kupima uzito wa uchafu uliobaki kwenye karatasi, kanuni za EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, zinaruhusu wastani wa miligramu 35 kwa lita ndani ya siku 30 na isizidi 70 kwa siku moja. Lakini eneo likishaingia kwenye ukarabati kipimo kinabadilika. Unachukua chombo cha kioo au plastiki kilicho kama koni imechongoka chini, kinabeba lita 1, unamimina maji ya mgodi rangi ya chai ya maziwa, unaweka kwenye kishikio unasubiri. Dakika 45 zikipita unazungusha kijiti taratibu kwenye kuta ili zile zilizoganda pembeni zishuke, unasubiri dakika 15 nyingine, kisha unainama macho yawe sawa na ncha unasoma mistari. Tope lililokaa chini lisizidi mililita 0.5, yani kama punje moja ya harage. Umefaulu.

Ila inua macho kutoka kwenye ile ncha uangalie maji yaliyobaki juu. Bado yana rangi ya chai. Ule mfinyanzi unaoshuka sentimita 1.3 kwa saa umesafiri sentimita moja na kidogo kwenye koni yenye kimo cha mara 30 ya hiyo, kwa hiyo kwenye kipimo karibu haupo, lakini kwenye kijito upo, kwenye mashavu ya samaki upo, unakaa juu ya mayai yao kwenye changarawe yanakosa hewa. Mimi sisemi waliotunga kipimo walikuwa na nia mbaya, koni ni rahisi, haihitaji maabara, fundi anaweza kuipima shambani, na kwenye ardhi mpya mvua inachota tope jingi kiasi kwamba kipimo kikali kingeangusha hata kampuni inayojitahidi. Nasema tu kwamba mtu akikwambia maji ya mgodi wetu yanatimiza viwango muulize ni kiwango kipi kati ya hivyo viwili.

Dawa iko juu mlimani. Chuo Kikuu cha Kentucky na wenzao walianza miaka ya 1990 kufanya majaribio kwenye mgodi wa Starfire mashariki mwa jimbo hilo, wakamwaga kifusi na kukiacha kimelegea badala ya kukishindilia, wakapanda miti ya asili. Miti ikanyooka. Mwaka 2004 serikali kuu na majimbo ya milima ya Appalachia wakaanzisha mpango wa pamoja wa kurudisha msitu kwa njia hiyo: angalau mita 1.2 za juu ziwe udongo au mwamba uliooza unaofaa kwa mizizi, usishindiliwe, majani ya kufunika ardhi yawe yale yasiyopigana na miche. Mwamba wa mchanga wa rangi ya kahawia ukaonekana unalea miti vizuri kuliko ule wa kijivu unaotoka chini zaidi. Na chini ya mita hizo 1.2 kifusi kinaweza kubaki kimeshindiliwa ili mlima usimame, ni ngozi ya juu tu ndo inalegezwa.

Shida ni kwamba mlima uliolegezwa unaonekana mbaya. Una vichuguu, una mashimo, una mawe, magogo yamelala hovyo, na mwaka wa kwanza nyasi ni chache. Mkaguzi aliyezoea uwanja wa gofu anaona uzembe. Lakini kila shimo pale ni sufuria inayokinga mvua, tone la mvua kubwa linaloshuka kwa mwendo unaokaribia kilomita 30 kwa saa linapiga gogo au jiwe badala ya kupiga udongo mtupu, maji yanasimama pale pale yanazama.

Kuna kitu kidogo sana kinachoonyesha kama dereva wa tingatinga amefundishwa au la. Minyororo ya tingatinga ina vyuma vinavyochomoza, kila kimoja kinaacha alama ya mfereji mfupi unaokata njia ya mwendo. Dereva akipanda na kushuka mlima, zile alama zinalala kwa kukinga mteremko, ni maelfu ya vijifereji kila kimoja kinashika kikombe cha maji na mbegu chache. Akiendesha kwa kukatisha mlima pembeni, alama zile zile zinaelekea chini na anakuwa amechora mwanzo wa makorongo kwa mkono wake. Mafuta yale yale, mashine ile ile, siku ile ile. Watu wa kilimo huku kwetu wanaelewa hii bila kuelezwa sana, ni habari ya matuta na makinga maji, mkulima wa mlimani akilima kwa kufuata mteremko jirani wa chini ndo anavuna udongo.

Urefu wa mteremko nao ni muhimu. Fomula ya kukadiria upotevu wa udongo waliyoitoa Wischmeier na Smith mwaka 1965 inaonyesha kwamba kwenye miteremko mikali ukiongeza urefu mara 2, udongo unaopotea kwa kila hekta unapanda kwa karibu asilimia 40, maana maji yanakusanyana na kupata nguvu njiani. Dawa ya zamani ilikuwa kukata matuta yaliyonyooka na mifereji ya mawe ya kushusha maji, na inafanya kazi mpaka siku tuta moja linapojaa likapasuka, hapo maji yanaruka tuta la pili, la tatu, kama ngazi. Karibu na Farmington, New Mexico, mgodi wa La Plata ulijaribu kitu kingine, Nicholas Bugosh alitengeneza namna ya kuchonga mlima kwa kuiga vilima na vijito vya asili vya jirani, miteremko mifupi mifupi, mabonde madogo yanayojipinda, kila kijito kikiwa na ukubwa unaolingana na maji yake. Ukiangalia matokeo unashindwa kujua mkono wa mtu umeanzia wapi. Naipenda hii kuliko zote kwa sababu inakubali kwamba maji lazima yatengeneze njia, basi afadhali uyachongee wewe kuliko kusubiri yachonge yenyewe.

Mtaalamu makini ataniwekea pingamizi hapa, na ni pingamizi la kweli. Ukilegeza udongo maji yanazama, na maji yanayozama kwenye kifusi cha makaa ya mawe yanatoka upande wa pili na chumvi, chuma, wakati mwingine asidi kama kuna pairaiti, yale madini ya chuma na salfa, na vijito vya West Virginia vina tatizo kubwa la seleniamu, elementi ambayo ikizidi ni sumu kwa samaki, kutokana na kifusi kilichojazwa mabondeni. Kwa hiyo kulegeza ovyo ovyo hapana. Mawe yenye pairaiti na seleniamu lazima yatambuliwe kabla ya kuchimba, yatengwe, yazikwe mahali pakavu na kufunikwa na tabaka lisilopitisha maji, na juu yake ndo ije ngozi iliyolegea. Inagharimu, na inataka mtu wa miamba awepo siku zote, sio siku ya ukaguzi tu. Anayefanya nusu ya kazi hii bora asijisifu na ile nusu.

Na usichukue dawa ya Kentucky ukaipeleka Arizona. Kule magharibi, kwenye ardhi ya Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani, pale Black Mesa, mvua ni chache, makorongo ni makavu mwaka mzima kisha yanashuka siku moja yamebeba mchanga, na ndivyo yalivyokuwa kabla ya mgodi wowote. Ukijenga bwawa linalozuia tope lote, maji yanayotoka ni meupe, yana njaa, yanaenda kula kingo za korongo huko chini kutafuta mchanga yaliyozoea kubeba, ama hayatoki kabisa na mfugaji wa bondeni anakosa. EPA walilikubali hili mwaka 2002 wakaweka kanuni ya peke yake kwa migodi ya sehemu kavu yenye maji ya magadi: badala ya namba kwenye mdomo wa bwawa, kampuni ionyeshe kwa mpango na hesabu kwamba tope litakalotoka halizidi lililokuwa linatoka kabla ya kuchimba. Kwangu mimi hilo swali lilitakiwa kuulizwa kila mahali, ardhi hii ilikuwa inatoa nini kabla hatujaigusa.

Vyote hivi vinasimama au kuanguka kwenye fedha. Dhamana ya Marekani haiachiwi yote kwa mkupuo, kwenye mvua zaidi ya milimita 660 kwa mwaka kampuni inawajibika miaka 5 baada ya kupanda, kwenye ukame miaka 10, na sehemu ya fedha haitoki kama eneo bado linachangia tope kupita kiasi nje ya mgodi. Vizuri sana. Ila zipo kampuni kubwa ziliruhusiwa kujidhamini zenyewe, yani dhamana ni afya ya kampuni yenyewe, halafu 2015 na 2016 Alpha, Arch na Peabody zikaomba ulinzi wa mahakama wa kufilisika na majimbo yakabaki yanajiuliza nani atalipia milima. Mwisho wa Julai 2022 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 mashariki mwa Kentucky, jimbo ambalo ndugu zetu wengi kutoka Kongo wanaoongea Kiswahili wanaishi, hasa Lexington na Louisville. Mvua ile ilikuwa ya kutisha na ingeleta maafa hata kwenye msitu mzima, siwezi kusema mgodi ndo uliua. Lakini maji yakija makubwa namna ile kila mlima ulioshindiliwa unaongeza chake, na anayekaa bondeni hana namna ya kutenganisha maji ya Mungu na maji ya kampuni.

Nayaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu na sisi tunachimba. Makaa ya mawe ya Ngaka kule Mbinga, kusini mwa Tanzania, yanashuka kwa malori mpaka bandari ya Mtwara, na vita vya Ukraine vilipopamba moto 2022 wateja wa nje waliongezeka. Bonde la Ruhuhu linamwaga maji yake Ziwa Nyasa, ziwa lenye samaki wanaoishi kwa kutegemea maji maangavu. Sheria ya Madini ya 2010 na kanuni zake zinadai mpango wa kufunga mgodi na dhamana ya ukarabati, kwa hiyo hatuanzi sifuri. Swali langu kwa wahandisi, kwa madiwani wa Mbinga, kwa yeyote mwenye nafasi ya kuingia getini, ni la leo na wala halisubiri siku ya kufunga. Udongo wa juu uliochotwa mwaka jana uko wapi? Umerundikwa peke yake, una majani juu, una mfereji wa kukinga maji upande wa mlimani, au umechanganywa na kifusi? Mvua za Ruvuma zinaanza Novemba. Ukiukuta ule udongo mlimani mwezi wa 10, rudi mwezi wa 4 uangalie kama bado upo.